Mrithi Mdogo Amekwisha Kulipa

Leo nataka tuzungumzie kodi ya urithi, ile kodi ambayo serikali hudai mtu anapofariki na kuwaachia wanawe shamba au biashara. Hapa Kenya hatuna kodi hiyo kwa sasa. Tuliwahi kuwa nayo. Mara kwa mara hutokea mtu akauliza kwa nini isirudishwe, na papo hapo hutokea mwingine akamkata kauli: mkiirudisha, mtawamaliza wakulima wadogo. Mimi ni mtoto wa mkulima mdogo. Kuhusu jibu hilo, nina neno.

Tarehe 19 Novemba 2024 nilikuwa nyumbani Nyamira, nimekaa na baba mdogo kibarazani, tukitazama picha za London kwenye simu yangu. Wakulima wa Uingereza, maelfu kwa maelfu, walikuwa wamejaa mitaa ya Westminster kwenye baridi kali. Mbele yao walitangulia watoto wadogo juu ya matrekta ya kuchezea, wanayapiga pedeli kuzunguka kile kiwanja kilicho mbele ya Bunge. Baba mdogo akaniuliza kuna nini. Nikamwambia serikali yao inataka kutoza kodi mashamba yanaporithiwa. Akanyamaza kidogo, akakuna kidevu, kisha akasema, "Hao wanagombania kodi. Sisi bado tunagombania jina."

Nitalirudia hilo neno lake la jina. Kwanza tuone kilichowatoa wale watu mashambani.

Uingereza ilianza kuitoza kodi hii kwa sura iliyo karibu na ya leo mwaka 1894, wakati William Harcourt akiwa waziri wa fedha. Leo kiwango chake ni asilimia 40 ya mali inayozidi pauni 325,000. Lakini mashamba yalikuwa na kinga yake. Tangu mwaka 1992 shamba linalolimwa liliweza kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto bila kukatwa hata senti moja, na biashara nyingi za familia vivyo hivyo. Kinga hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Shamba ni mali ya ajabu: kwenye karatasi ni utajiri, mfukoni ni vumbi. Unaweza kukuta mkulima anakaa juu ya ardhi ya pauni milioni 2 huku pato lake la mwaka halimtoshi kununua trekta jipya, maana faida ya kilimo kule, ukiilinganisha na bei ya ardhi, mara nyingi inazungukia asilimia moja tu. Ukimdai mtu huyo kodi kubwa wiki ambayo amemzika baba yake, utamlazimisha kuuza shamba lenyewe. Kuku mmoja ukimla leo, kesho hutaokota yai.

Basi ule mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya mkulima ukawa wa kila mtu. Watu wenye fedha zao, ambao hawakuwahi kushika jembe, wakaona kwamba pesa zikikaa benki zitatozwa kodi mwenyewe akifa, ila zikigeuzwa shamba zitapita salama. Wakanunua. Bei ya ardhi ikasukumwa juu, na kijana anayetaka kulima kweli akazidi kuachwa nyuma. Takwimu za serikali yao zilionyesha kwamba asilimia 40 ya thamani yote ya msamaha wa mashamba ilikuwa ikienda kwa asilimia 7 tu ya walioudai.

Hivyo tarehe 30 Oktoba 2024 waziri wa fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 kinga kamili itaishia kwenye pauni milioni moja ya kwanza. Kinachozidi hapo kitatozwa nusu ya kiwango, yaani asilimia 20, na familia itapewa miaka 10 ya kulipa pole pole bila riba.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, mbona si vibaya? Lakini hebu mfikirie mzee wa miaka 80 na kitu. Kwa zaidi ya miaka 30 sheria ilimwambia: usimkabidhi mwanao shamba ungali hai, lishike mpaka siku yako ya mwisho, kwa sababu likirithiwa halitozwi. Akatii. Sasa anaambiwa mambo yamegeuka, na kwamba akitaka kumpa mwanawe kama zawadi isiyotozwa, lazima aishi miaka 7 baada ya kutoa. Mzee kama huyo ataipata wapi hiyo miaka 7? Niliposoma habari za wazee wa namna hiyo niliumia. Serikali yoyote ile haifai kumfikisha mtu mahali pa kupiga hesabu kama akifa kabla ya tarehe fulani atakuwa amewasaidia wanawe.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Miongoni mwa waliopaza sauti kuipinga kodi hiyo alikuwemo James Dyson, yule wa mashine za kufyonza vumbi, ambaye kampuni yake inalima takriban ekari 36,000. Haki ya kusema anayo, sawa na raia yeyote. Lakini mwenye ekari 36,000 na mwenye ekari 200 wanaposema sentensi ile ile, na kamera ikamwelekea yule wa ekari 200 mwenye matope kwenye buti, ujue kuna mtu amepata kivuli cha kujikinga. Huyo mdogo ndiye anayeonekana, na faida kubwa inamwendea asiyeonekana.

Mwishowe serikali ililegeza. Tarehe 23 Desemba 2025 ilitangaza kwamba kinga kamili itapanda kutoka pauni milioni moja hadi milioni 2 na nusu kwa kila mtu, hivyo mume na mke kwa pamoja wanaweza kuwarithisha wanao hadi milioni 5. Mimi naona walifanya vyema. Kosa la mwanzo halikuwa kutoza kodi. Mstari ndio uliochorwa mahali pabaya, ukamkata mtu wa katikati, yule anayelima kwa mikono yake.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya kikoloni ilituachia kodi ya mali ya marehemu, nayo ilidumu mpaka Bunge lilipoifuta: yeyote aliyefariki kuanzia tarehe 1 Januari 1982, mali yake haikutozwa tena. Tangu hapo urithi umekuwa huru. Kuna kodi ya faida inayopatikana mtu anapouza mali, iliyorudishwa mwaka 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, lakini hiyo haimgusi mrithi anayepokea tu sehemu yake. Tena hata ukiuza, shamba la mtu binafsi lisilofika ekari 50, likiwa nje ya mji, limesamehewa. Msikilizaji, ishike hiyo namba, ekari 50, tutaihitaji.

Na sasa ule usemi wa baba mdogo.

Shamba letu la Nyamira ni ekari 2 na nusu: majani chai upande wa juu, migomba na mahindi upande wa chini, na makaburi katikati. Hati miliki iko kwa jina la babu. Babu alifariki mwaka 1994. Baba akaendelea kulima, akajua lake ni lipi na la ndugu yake ni lipi, mpaka ukawa ni mti waliokubaliana. Hakuna aliyekwenda mahakamani, kwa sababu hakukuwa na ugomvi, na kwetu mtu akienda mahakamani bila ugomvi watu huuliza anaficha nini. Mwaka 2016 baba naye akatuaga. Basi tukajikuta na mirathi mbili, moja juu ya nyingine: ya baba haiwezi kufunguka mpaka ya babu ifungwe.

Mama alijua tatizo hili kabla yetu sote, na alilijulia kwenye mizani. Namba ya kupelekea majani kiwandani ilikuwa ya baba. Mwaka ule bonasi ilipotoka, majirani walipata zao, yeye akaambiwa alete barua ya mahakama inayomtambua. Majani aliyachuma yeye. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi kukiwa na umande, mpira umefungwa kiunoni, kikapu mgongoni, kidole gumba na cha shahada vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Lakini karatasi ilimjua mtu aliyelala kaburini. Ilipita miaka 3 kabla ya kushika bonasi mkononi.

Tulianza na barua ya chifu, inayotaja warithi wote wa babu. Babu alikuwa na watoto 7. Kila mmoja, au watoto wa aliyekufa, lazima watajwe na waridhie kwa sahihi. Vyeti vya vifo vikatafutwa, na kimoja kilikuwa na jina lililokosewa herufi moja, tukaanza upya. Msajili wa ardhi akatoa karatasi ya kuthibitisha shamba ni la nani. Tangazo likachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 za kungoja mwenye pingamizi. Kisha miezi 6 kabla ya mahakama kuithibitisha mirathi. Hivyo ndivyo sheria inavyosema, na kila hatua ina sababu yake: wajane na mayatima wengi wameokolewa na hizo siku 30. Ila miezi inayoandikwa kwenye sheria si ile wanayoishi watu. Faili letu lilipotea mara moja. Mara mbili tulifika tukakuta hakimu yuko kwenye mafunzo.

Shangazi yetu mmoja aliolewa Tarime, upande wa Tanzania. Ilibidi aje, atie sahihi, arudi, kisha aje tena. Alitueleza kwamba mumewe alipofariki, ukoo ulikaa kikao, ukaandika muhtasari, wakaupeleka Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi wa mirathi akapewa miezi 4 kumaliza kazi. Sisemi mambo ya huko hayana kasoro. Lakini alituonea huruma kwa dhati. Sheria ya Kenya inampa shangazi haki sawa na ya kaka zake, na aliambiwa hivyo mbele ya hakimu. Alisema hataki ardhi, anataka tu aruhusiwe kuja kukaa alipozikwa mama yake. Kaka zake wakashusha pumzi. Mpaka leo najiuliza kama alikuwa huru kabisa kukataa, na swali hilo linanisumbua kuliko gharama zote.

Lakini gharama zenyewe nilizihesabu. Kila stakabadhi niliitia kwenye bahasha moja ya kaki: nauli, wakili, ada za mahakama, viapo, tangazo, chakula cha mashahidi. Ng'ombe 2 waliuzwa humo. Nilipozijumlisha, zilikaribia bei ya robo ekari pale kwetu. Robo ekari katika ekari 2 na nusu ni asilimia 10.

Msikilizaji, tafakari hapo. Mkulima wa Uingereza mwenye shamba la pauni milioni 2, kwa kanuni hizi mpya, halipi kodi ya urithi juu ya shamba hilo. Mama yangu, kwa kanuni za nchi isiyo na kodi ya urithi, amelipa asilimia 10. Na fedha hizo hazikujenga barabara wala zahanati. Zimetawanyika njiani.

Ndiyo maana nikimsikia mheshimiwa akisema tusithubutu kugusa urithi kwa sababu ya mkulima mdogo, moyo unaniuma. Mkulima mdogo amekwisha kulipa. Asiyelipa ni mwingine. Shamba la maelfu ya ekari mara nyingi limeandikwa kwa jina la kampuni, na kampuni haifi. Mwenye kampuni akifariki, hati miliki haibadiliki hata nukta. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ya amana, likazitambua amana za familia, na ardhi inayohamishiwa humo ikaondolewa ile kodi ya faida. Amana ni kitu kizuri. Inamlinda mtoto mdogo na mgonjwa asiyeweza kujisimamia. Lakini inataka wakili mzuri, na wakili mzuri hakai Nyamira.

Katiba ya mwaka 2010 iliagiza Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ambayo mtu binafsi anaweza kumiliki. Mswada uliandaliwa mwaka 2015, na ukaishia hapo. Hatukuweza kusema mtu asizidishe ekari ngapi. Je, hatuwezi hata kusema kwamba maelfu ya ekari yakihama kutoka kwa mtu kwenda kwa mwanawe, umma upate fungu?

Mimi nasema tunaweza. Afrika Kusini hufanya hivyo: mali ya marehemu inayozidi randi milioni 3 na nusu hutozwa asilimia 20, na inayozidi milioni 30 hutozwa asilimia 25. Sisi hata mstari tunao tayari. Ni zile ekari 50. Sheria yetu imekwisha kukiri kwamba aliye chini ya hapo ni wa kuachwa. Basi kodi ianzie juu yake, ihesabu ardhi iliyo ndani ya kampuni na amana pia, na itoe miaka 10 ya kulipa kama walivyofanya Waingereza. Na anayelima ardhi yake yote, ameajiri watu, apunguziwe kuliko aliyeizungushia ua akingoja bei ipande.

Hilo la ajira nimelitoa Ujerumani, na linahusu biashara. Kule mrithi wa kiwanda cha familia husamehewa asilimia 85 ya thamani ya kiwanda akikiendesha miaka 5 bila kupunguza sana jumla ya mishahara, au asilimia 100 akifikisha miaka 7. Anasamehewa kwa sababu ya wafanyakazi. Hapa kwetu biashara ya familia hufa kabla hata kodi haijafikiriwa. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga. Alipofariki, akaunti ya benki ilikuwa yake peke yake, ikafungwa. Mkewe hakuweza kununua mkanda wa mashine uliokatika wiki ya pili. Wateja wakahamia kwa mwingine ng'ambo ya mto. Barua ya mahakama ilipopatikana, mashine ilikuwa imeshika kutu, na kuku walikuwa wakitaga ndani ya sanduku la unga.

Najua ninayojibiwa. Wasikilizaji wa Pwani wananiambia: kwetu Waislamu, marehemu hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wapewe mafungu yao kama yalivyopangwa, je, serikali itajipenyeza wapi? Swali hilo ni zito, na ni la masheikh na makadhi kulijibu, si langu. Wengine wananiuliza pesa zenyewe zitakwenda wapi, zisije zikaliwa. Hao nawaelewa kabisa. Kwa hiyo nasema senti ya kwanza ya kodi hiyo iwe na kazi moja tu iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe: kumlipia mirathi mtu aliye chini ya ekari 50. Tangazo lake liwe bure. Hakimu aje hadi kwenye baraza la chifu angalau mara mbili kwa mwaka, akae chini ya mti na faili zake, amalize. Na serikali ikishindwa kufanya hilo, isidai kodi nyingine yoyote juu ya makaburi ya watu.

Mirathi ya babu imethibitishwa mwaka huu. Ya baba iko njiani. Jumanne ijayo sorovea anakuja kupiga bikoni, na baba mdogo amekwisha kufyeka njia ya kupita mpaka kwenye ule mti waliokubaliana na marehemu kaka yake. Mama hajaulizia gharama. Amenipigia simu jana kuniomba kitu kimoja tu, nikija nimletee miwani ya kusomea, kwa sababu hati itakapotoka anataka kulisoma jina mwenyewe.